Kiswahili na Wembe wa Shule

Katika Kiganda, msuko wa mistari inayolala juu ya ngozi ya kichwa huitwa biswahili. Wasusi wa Kampala hulitaja jina hilo kutwa bila kulifikiria; mteja akiketi husema tu kwamba ataka biswahili, naye msusi huelewa. Jina lenyewe ni ushahidi. Watu wa Uganda waliuona ustadi huu wakaunasibisha na Waswahili, kama walivyonasibisha nao mambo mengine mengi yaliyopanda bara kutoka pwani. Ajabu ni kwamba msichana anayekuja shuleni kujifunza Kiswahili haruhusiwi kuwa na biswahili kichwani. Katika shule zetu nyingi, za msingi na za sekondari, amri ni moja: nywele zikatwe ziwe fupi, na zibaki hivyo mpaka masomo yaishe. Msuko wa Waswahili hukomea langoni. Lugha yao huingia ndani.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba amri hiyo haina msingi katika utamaduni wetu, kwamba hoja zinazoitetea ni dhaifu, na kwamba mwalimu wa Kiswahili katika nchi hii, kuliko mwalimu wa somo lingine lolote, hapaswi kuonekana ameshika mkasi juu ya kichwa cha mtoto. Najua kwamba wengi miongoni mwa wanachama wenzangu hawatakubali. Na wakatae, lakini wakatae kwa hoja. Jarida hili limewekwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Je, ni mila yetu?

Watetezi wa wembe hupenda kuanza na mila. Husema kwamba kichwa kilichonyolewa ndicho kichwa cha Mwafrika, na kwamba nywele zilizofugwa na kusukwa ni uigaji wa wageni. Ni kweli kwamba zipo jamii zetu ambazo wanawake wake walipendelea nywele fupi tangu zamani, na hapana aibu yoyote katika hilo. Bali kuitwaa desturi ya baadhi na kuiita mila ya wote ni kukosa kutazama hata nje ya dirisha.

Tuwatazame majirani. Nchini Rwanda palikuwa na mtindo wa amasunzu: sehemu za kichwa zilinyolewa, na nywele zilizobaki zikainuliwa kuwa matuta yaliyopinda kama mwezi mwandamo. Wanaume waliuvaa, na msichana aliyeuvaa aliwajulisha watu kwamba bado hajaolewa. Katika pande za kaskazini-mashariki ya Kongo, wanawake wa Kimangbetu walizisuka nywele zao zikapanda na kutanuka nyuma ya kichwa mfano wa ungo. Katika Karamoja, humu humu nchini mwetu, wanaume walizikandika nywele kwa udongo, wakautia rangi, na wakachomeka manyoya ya mbuni. Morani wa Kimasai hufuga nywele ndefu, akazisokota na kuzipaka ngeu, na itimiapo sherehe ya eunoto mama yake mzazi humnyoa.

Mfano huo wa Wamasai unastahili kuangaliwa vizuri, kwa maana una wembe ndani yake. Kunyoa kwa eunoto kuna uzito kwa sababu kumetanguliwa na miaka ya kufuga. Mama anamnyoa mwanawe ili jamii yote ione kwamba amelivuka daraja moja na kuliingia jingine. Kadhalika kwa Waislamu wa pwani na wa kwetu: mtoto mchanga hunyolewa siku ya saba, na uzito wa nywele zile hutolewa sadaka kwa kiasi cha fedha. Mwanamume aliyehiji hunyoa kichwa au hupunguza nywele. Mwanamke hanyoi, hukata ncha tu. Na katika jamii nyingi za Afrika Mashariki wafiwa hunyolewa matanga yanapoondoshwa. Katika mambo hayo yote wembe una sababu yake, una siku yake, na una mtu aliyestahili kuushika, ambaye ni mzazi, jamaa au mzee. Kunyoa ni tamko, na watazamaji wanajua kulisoma.

Sasa tuulize: kichwa cha mwanafunzi kinatamka nini? Mtoto hakuzaliwa jana, hakufiwa, hakuhiji, wala hakuvuka rika. Ananyolewa kwa kuwa ameandikishwa. Katika maisha yetu ya kawaida watu wanaonyolewa namna hiyo, pasipo kuulizwa na kwa mkono wa mtu asiye jamaa yao, ni wawili: mfungwa anapoingizwa gerezani na kuruta anapoingizwa kambini. Shule zetu tulizirithi kutoka kwa misheni na kwa serikali ya kikoloni, pamoja na kengele, gwaride, foleni na sare. Amri ya nywele ni ya jamaa hiyo. Anayetaka kuitetea na aitetee kama kanuni ya kambi. Asiifunike kilemba cha mila.

Kambi na darasa

Hapo ndipo suala hili linapotugusa sisi walimu wa Kiswahili, na sharti tuseme ukweli juu ya historia ya lugha yetu nchini Uganda. Kwa miongo mingi Kiswahili kilikuwa hapa lugha ya askari. Jeshi la King's African Rifles lilikitumia, na polisi na jeshi la baada ya uhuru vikakirithi. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini raia wengi wa miaka ile walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Simama, keti chini, toa mfukoni: hayo ndiyo yaliyokuwa masomo yao ya kwanza. Wapo wazee ambao hadi leo wakisikia Kiswahili hukumbuka hofu kabla ya kukumbuka maana.

Kazi kubwa ya walimu wa Kiswahili nchini humu imekuwa kuiosha lugha na doa hilo. Tumewaonyesha watoto kwamba Kiswahili ni lugha ya biashara na ya mashairi, ya mapishi na ya arusi, ya sala na ya utani. Nazo juhudi hizo hazikupotea. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lango limefunguliwa. Lakini lazima ni neno lenye makali, na lugha inayofundishwa kwa lazima inahitaji mwalimu mpole kuliko lugha inayofuatwa kwa hiari.

Basi na afikirie kila mmoja wetu jinsi mtoto anavyoona mambo. Asubuhi, kwenye gwaride, mwalimu wa zamu anapita nyuma ya mistari ya wasichana akiwa na mkasi. Anamkuta mmoja ambaye nywele zake zimeota kupita kipimo. Hamwambii akazikate nyumbani. Humkata palepale njia moja katikati ya kichwa, mbele ya wenzake na mbele ya wavulana, ili alazimike kuzimaliza zilizobaki. Saa mbili baadaye mwalimu yuleyule anaingia darasani kufundisha ngeli. Mtoto huyo amejifunza nini siku hiyo? Hatakumbuka kwamba unywele uko katika ngeli ya U na nywele katika ngeli ya ZI. Atakumbuka kwamba Kiswahili kilikuja na mkasi, kama babu yake anavyokumbuka kwamba kilikuja na bunduki.

Wako watakaosema kwamba hiyo ni adhabu ndogo, wala haina maumivu. Sheria ya Watoto ya nchi hii, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, imekataza adhabu ya viboko shuleni. Tuliizoea fimbo, nayo tuliitetea kwa maneno yaleyale tunayoutetea wembe: kwamba sisi wenyewe tulipigwa na tukawa watu, kwamba mtoto asiyetiwa adabu huharibika. Fimbo ilikatazwa kwa sababu inamdhalilisha mtoto pamoja na kumuumiza. Kukata njia katika kichwa cha msichana hadharani hakuachi kovu, lakini udhalilishaji wake hauna tofauti na wa fimbo.

Hoja za watetezi

Si haki kuwajibu watetezi kwa mila peke yake, kwa maana wana hoja nyingine, na mojawapo ni nzito. Nitazichukua moja moja.

Ya kwanza ni usafi. Inasemwa kwamba nywele ndefu huleta chawa na mapunye, na kwamba shule ya bweni haina maji ya kuosha vichwa mia tano. Kuhusu chawa, chanuo, maji na sabuni vimekuwa dawa tangu enzi za bibi zetu. Kuhusu mapunye, wembe ndio unaopaswa kujitetea. Ugonjwa huo huenezwa na ukungu unaohama kutoka kichwa hadi kichwa kwa vyombo vinavyotumiwa na wengi: chanuo, mkasi na mashine ya kinyozi. Watoto arobaini wanaopangwa foleni Jumamosi na kunyolewa kwa mashine moja isiyosafishwa wanaambukizana kwa amri ya shule. Na wembe mmoja ukipita juu ya vichwa vingi, ukikata ngozi hapa na pale, unaweza kubeba maradhi ya damu yaliyo makubwa kuliko mapunye. Tukitaka usafi, tukague usafi. Urefu wa unywele si kipimo chake.

Ya pili ni muda. Inasemwa kwamba msichana mwenye nywele atashinda mbele ya kioo badala ya mbele ya kitabu. Msuko wa mistari husukwa mara moja ukakaa wiki nzima au zaidi, na kwa siku hizo zote mtoto huamka akaoga akaenda darasani. Kichwa cha kunyoa nacho hudai kinyozi kila baada ya wiki chache. Isitoshe, saa mbili za Jumamosi ambazo wasichana huketi wakisukana si saa zilizopotea. Hapo hadithi husimuliwa, vitendawili hutegwa, ugomvi wa wiki hupatanishwa. Mwalimu wa lugha anayelalamika kwamba wanafunzi wake hawazungumzi Kiswahili nje ya darasa angetafuta mkeka akawaketisha wasukane, kisha akaweka sharti moja tu: mazungumzo yawe kwa Kiswahili.

Ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, nayo ni kwamba nywele huwavutia wanaume. Hoja hii ni ya aibu. Ikiwa katika shule au njiani yuko mtu mzima anayemtamani mtoto, mwenye kasoro ni mtu huyo, na pa kumpeleka ni polisi. Kumnyoa mtoto kwa ajili ya macho ya mtu mzima ni kumwadhibu aliyekusudiwa kudhulumiwa, na ni kumfundisha kwamba mwili wake ndio kosa. Tena hoja yenyewe haifui dafu: vichwa vimenyolewa kwa vizazi kadhaa, na wasichana bado wanaacha shule kwa mimba.

Ya nne ndiyo nzito, nayo ni usawa. Binti wa tajiri ataenda saluni, binti wa maskini ataona haya. Kichwa kifupi huwasawazisha, kama sare. Naiheshimu hoja hii, maana anayeisema anamfikiria mtoto maskini. Lakini inachanganya vitu viwili. Gharama iko katika nywele za bandia, katika dawa za kunyooshea na katika saluni. Haiko katika nywele anazozaliwa nazo mtoto. Msuko wa mistari hauhitaji duka. Wahitaji chanuo, mafuta kidogo na mikono ya mama, dada au jirani. Kule Tanzania kuna msuko mwepesi wa mistari inayorudi nyuma moja kwa moja, uitwao twende kilioni, kwa kuwa ni wa haraka kiasi cha mtu kuusuka akitoka kwenda msibani. Binti wa mkulima anaweza kuwa nao sawa na binti wa waziri. Basi shule ikitaka usawa, na ikataze nywele za kununua na dawa za kunyoosha, iruhusu nywele za kuota.

Na kama kweli usawa ndio shabaha, mbona amri haiwafikii wote? Aghalabu katika shule zetu msichana mwenye asili ya Asia au Ulaya, au aliyechanganya damu, huachiwa nywele zake akazifunga nyuma kwa utepe. Huambiwa kwamba za kwake ni za asili. Na za huyu aliyeketi naye dawati moja ni za nini? Kwa kanuni hiyo shule inawafundisha watoto wote wawili, kila siku, bila ya kufungua kitabu, kwamba nywele za singa ni maumbile na nywele za kipilipili ni uchafu unaongoja kuondolewa. Sijui somo lililo baya kuliko hilo, wala sijui mtihani unaoweza kulifuta.

Ya tano na ya mwisho ni nidhamu: mtoto asiyetii juu ya nywele hatatii juu ya lolote. Mahakama za majirani zimekwisha kuipima hoja hiyo. Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Kenya, mjini Nairobi, iliamua kwamba shule haikuwa na haki ya kumzuilia masomo msichana wa Kirastafari kwa sababu ya nywele zake za kusokota. Mei 2023 Mahakama Kuu ya Malawi nayo iliamua kwamba shule za serikali ziwapokee watoto wa Kirastafari pamoja na nywele zao. Kesi hizo zilishinda kwa mlango wa dini. Lakini haikubaliki kwamba mtoto awe kwanza na dini fulani ndipo kichwa chake kiwe chake. Na kwa wale wanaoona kwamba nywele ndefu na nidhamu haviketi pamoja, nawakumbusha Muthoni wa Kirima wa Kenya, aliyepigana msituni katika vita vya Mau Mau. Nywele zake zilizosokotana alitoka nazo msituni akakaa nazo hadi Aprili 2022, zikakatwa na Mama Ngina Kenyatta, mwaka mmoja na ushei kabla ya kufa kwake. Nani atakayesema kwamba mwanamke yule alikosa nidhamu?

Wala tusidhani kwamba wakosaji ni wenye wembe tu. Wapo pia waliokigusa kichwa cha mwanamke kwa jina la Uafrika. Katika Operesheni Vijana, iliyoanza Tanzania Januari 1969, wigi lilipigwa vita pamoja na sketi fupi na krimu za kuchubua ngozi. Na hapa Uganda utawala wa Amin ulilipiga marufuku katika miaka ya 1970. Mmoja anazikata nywele kwa jina la usafi, mwingine anazipokonya kwa jina la utamaduni, na wote wawili hawakumuuliza mwenye kichwa.

Kalamu yetu nayo

Baada ya kuisema shule, hatuna budi kulisema somo letu. Mwalimu anaweza asishike mkasi kamwe, na bado akanyoa kwa kalamu.

Chukueni daftari za insha. Mwanafunzi akiambiwa amweleze msichana mrembo, ataandika kwamba ana nywele ndefu za singa zilizomwagika mabegani, macho ya kurembua na pua iliyochongoka. Ameyatoa wapi? Ameyatoa katika hadithi tunazompa na katika insha za mfano tunazomsomea. Anayeandika hivyo ni msichana wa Mbale au Gulu, ambaye kichwa chake kimenyolewa Jumamosi iliyopita, na ambaye katika ukoo wake wote hapana mwenye nywele za namna hiyo. Sisi tunampa alama nane kwa kumi na kuandika pembeni kwamba ametumia lugha ya kupendeza. Tumemtuza kwa kujifuta.

Chukueni na vivumishi tunavyofundisha. Nywele nzuri, nywele mbaya. Nywele laini, nywele ngumu. Na mwanafunzi bila kuambiwa anajua zake ziko upande gani. Neno kipilipili lenyewe halina ubaya. Ni tashbihi safi, ya nywele fupi zilizojiviringa mithili ya punje za pilipili, na aliyeitunga alikuwa na jicho kali. Tulilolitia sumu ni sisi, kwa kulitamka kama kwamba linahitaji kuombewa radhi.

Ilhali Kiswahili kina utajiri katika uwanja huu ambao tungeona fahari kuufundisha. Tuna kusuka na kufumua, kusokota na kuchana. Tuna chanuo na kitana, ambavyo si kitu kimoja. Tuna shungi, denge na panja. Tuna msusi na kinyozi, kila mmoja na heshima ya ufundi wake. Kitenzi kusuka peke yake kinatosha kwa kipindi kizima: twasuka nywele, twasuka ukili na mkeka, twasuka kikapu na kamba, na wenye hila husuka njama. Wanawake nao hawachoki kubuni majina. Twende kilioni niliyoitaja, na yeboyebo, na mabutu, na kila msimu huja na lake. Majina hayo yametungwa na watu wasiolipwa na baraza lolote la lugha, tena yameenea kuliko istilahi nyingi tulizozitunga kamatini. Kuyaita ya mitaani ni kusahau kwamba lugha hukaa mitaani kwanza, kisha huja kututembelea vitabuni.

Fasihi yetu ya Uganda iliujua uzito wa jambo hili zamani. Okot p'Bitek, katika Song of Lawino, kitabu kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1966 na ambacho kimetafsiriwa pia kwa Kiswahili, alilitolea suala la nywele sura nzima. Lawino anazitetea nywele za wanawake wa Kiacholi na namna zao za kuzipamba, dhidi ya mume anayemtaka azifananishe na za wageni. Tunawasomesha wanafunzi kitabu hicho, tunawauliza katika mtihani mwandishi amekusudia nini, nao hujibu vizuri na kupasi. Kisha kengele inalia, wanatoka kwenda kunyolewa.

Hata methali zetu zimetutangulia. Twafundisha kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hiyo inasimama juu ya ukweli ambao aliyeitunga hakudhani kwamba utahitaji kutetewa, yaani kwamba nywele za mtu ni zake. Mahali ambapo nywele si za mwenyewe, methali hiyo haina mguu wa kusimamia, na mwalimu anayeifundisha hapo anasema neno ambalo shule yake inalikanusha. Twafundisha pia kwamba mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Tulidhani ni mafumbo. Watoto wetu huisikia kama taarifa.

Tufanyeje?

Sipendekezi kwamba kila msichana afuge nywele. Anayependa kichwa kifupi na anyoe. Wapo wengi, na wanapendeza. Ninachokitaka ni kwamba achague yeye pamoja na wazazi wake. Kwa hiyo natoa mapendekezo matano kwa wanachama wenzangu, nayaomba yajadiliwe.

Kwanza, mwalimu wa Kiswahili asishike mkasi wala wembe juu ya kichwa cha mwanafunzi, wa kike au wa kiume, hata akiwa wa zamu, hata akiamriwa na mkubwa wake. Hilo halihitaji sheria mpya. Lahitaji mtu kukataa.

Pili, mahali ambapo walimu wetu wamo katika kamati za shule, waombe kanuni ya nywele iandikwe upya pamoja na wazazi na wanafunzi, ipime usafi na unadhifu, na iruhusu misuko myepesi isiyoongezwa nywele za bandia.

Tatu, kanuni yoyote itakayowekwa iwapate watoto wote, bila kuangalia asili zao. Kanuni inayowaacha baadhi kwa sababu nywele zao ni za singa haifai kuandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule ya Kiafrika.

Nne, tuzipitie insha za mfano na vitabu tunavyovitumia, na pale tunapomkuta mrembo wa singa tumuulize mwanafunzi: mama yako ana nywele za namna gani? Mweleze yeye. Atakayemweleza mama yake kwa Kiswahili fasaha ameandika insha ngumu zaidi, na anastahili alama zaidi.

Tano, tukusanye. Kila mwanafunzi aende nyumbani akaulize majina ya mitindo ya nywele aliyoijua bibi yake, kwa lugha ya bibi, na maana zake. Kisha darasa litafute jinsi ya kuyaeleza kwa Kiswahili. Wale mabibi waliosuka na kusukwa wanapungua kila mwaka, na majina hayo yanazikwa nao. Kazi hiyo haihitaji fedha za mfadhili. Inahitaji kalamu, daftari, na mtoto ambaye kichwa chake hakimfanyi aone haya kuuliza.

Mtaala mpya unatuletea watoto wengi ambao hawakuomba kuja. Watakapoketi mbele yetu, watatutazama mikononi kabla ya kutusikiliza.